Kila Kaya ya Kumi na Moja

Kazi yangu ilikuwa kuhesabu vyungu. Watu wakisikia neno utafiti hufikiria makoti meupe na darubini, lakini utafiti mwingi huanza na mtu kama mimi, mwanamke wa makamo mwenye viatu vilivyolika kisigino na kalamu ya kuning'inia shingoni, anayebisha hodi na kuuliza, "Hapa mnapika vyungu vingapi?" Wanaokula chungu kimoja ni kaya moja, hata wawe kumi na watano. Ndugu wawili walionuniana, kila mmoja na jiko lake chini ya paa moja, ni kaya mbili. Ndivyo tulivyofundishwa, nami sikuwa na la kubisha.

Nilipewa mtaa wangu mwenyewe kwa sababu nilijua vichochoro vyake. Kwa wiki mbili nilipita mlango kwa mlango, nikiandika namba kwa chaki na kujaza orodha: namba ya kaya, jina la mkuu wa kaya, idadi ya watu. Zilitimia kaya mia mbili themanini na sita. Sikuchoka wala sikufurahi. Mwaka ule nilikuwa hivyo katika kila jambo, kama mkono ulioulalia usiku kucha: unaona ni wako, lakini ukiufinya hauna habari.

Nyumba yangu iliangukia namba 138. Kanuni ilisema hata kwako mwenyewe ubishe hodi na uulize. Nilisimama nje ya mlango wangu, chaki mkononi, nikaona huo ni upuuzi, nikajaza bila kuingia. Nyumba yangu si naijua.

Mwenye utafiti tulimwita Daktari. Hakuwa daktari wa kutibu, na alishachoka kuwaeleza watu hilo. Bibi mmoja wa kaya ya 52 alimfunulia goti lake hata hivyo, na Daktari, kwa adabu zake, akaliinamia akalitazama. Aliyetuongoza hasa alikuwa msimamizi wetu, mama mrefu aliyevaa miwani ya kamba, ambaye sentensi zake zote zilianza na "kanuni inasema". Kwa hiyo tulimwita Bi Kanuni, na nadhani alijua.

Bi Kanuni alikuwa na mambo mawili asiyoyasamehe. La kwanza, kupika data, yaani kukaa kivulini na kubuni majibu ya watu ambao hukuwafikia. La pili, kufuta. Ukikosea, alisema, usishike kifutio wala wino mweupe. Piga mstari mmoja mwembamba juu ya kosa ili lililoandikwa mwanzo liendelee kusomeka, andika lililo sahihi pembeni, weka saini. "Karatasi isiyo na kosa hata moja," alisema, "mimi huiogopa."

Utafiti wenyewe ulihusu vifo vya watoto. Walitaka kujua ni wangapi wanaofariki, wana umri gani, kwa maradhi gani, na kama walifikishwa hospitali. Lakini wasingeuliza kaya zote. Wangeuliza ishirini na sita tu.

Hilo liliwakera majirani. Mwenye duka la kona, kaya ya 12, aliniwekea soda mezani bila kuombwa.

"Jirani, niandike na mimi basi."

"Umeshaandikwa."

"Kwenye wale watakaochaguliwa, nasema."

"Hakuna cha kupewa, mama. Ni maswali tu."

"Hata hayo maswali. Kwa nini wengine waulizwe? Mimi sina mdomo?"

Mdomo alikuwa nao, mtaa mzima ungeshuhudia. Nikamuuliza, "Maharage yakiwa jikoni, unajuaje yameiva?"

"Nabonyeza."

"Yote?"

"Mawili matatu."

"Basi ndiyo hivyo."

Akafikiri. "Lakini mimi ndiye ninayechagua ya kubonyeza."

"Hapo ndipo penye kosa," nilimwambia, kama nilivyoambiwa kwenye mafunzo. "Ukichagua mwenyewe utabonyeza ya juu. Inabidi ufumbe macho."

Kufumba macho kwetu kulikuwa hivi. Mia mbili themanini na sita ukigawa kwa ishirini na sita unapata kumi na moja. Kwa hiyo tungechukua kila kaya ya kumi na moja, na pa kuanzia pangepatikana kwa bahati: vikaratasi kumi na moja ndani ya kopo la siagi, mtu mmoja aingize mkono mbele ya mashahidi. Usiku wa kabla ya siku hiyo nilipiga hesabu kwenye ukingo wa gazeti. Ikitoka sita, itafuata kumi na saba, ishirini na nane, thelathini na tisa, na kuendelea mpaka mia moja thelathini na nane. Katika namba zote kumi na moja, ni sita peke yake ingefika mlangoni kwangu.

Niliomba itoke sita. Sasa nieleze kwa nini.

Mimi na mume wangu tulikuwa na watoto wawili, binti na mdogo wake wa kiume. Huyu wa kiume alizaliwa na tundu kwenye moyo, na madaktari walikataza asikimbie. Mtoto anayependa mpira ukimkataza kukimbia, atatafuta njia. Wetu alikaa kwenye tofali pembeni ya uwanja, filimbi mdomoni, akawapanga wenzake. Wewe rudi nyuma, wewe usiukumbatie mpira kama mama yako, wewe toka upumzike. Watoto wa miaka kumi na mitatu walimtii. Walimwita Kocha, wazazi wao nao wakamwita Kocha, na mimi, ingawa dada yake ndiye kifungua mimba, mtaa mzima ulinijua kwa jina la Mama Kocha.

Alifariki akiwa na miaka tisa na miezi minne, tarehe kumi na tisa, mapema asubuhi, akiwa tayari amevaa soksi za shule.

Baada ya mazishi watu waliacha kuniita Mama Kocha. Nilikuwa "mama", "jirani", "dada yangu". Walifanya kwa huruma, siwalaumu, lakini ilikuwa kama wamekaa kikao na kunipokonya. Wakiniona wanahamisha mazungumzo. Watoto wa uwanjani walianza kupita njia ya nyuma. Nyumbani ndiyo usiseme. Mume wangu ni fundi wa mafriji, uani kwetu kumejaa mabovu yaliyosimama bila milango, na alianza kushinda huko mpaka giza. Mimi na yeye tuliishi kama wapangaji wawili wanaoheshimiana. Mwaka mzima hatukugombana hata mara moja, na anayeijua ndoa anajua hiyo si dalili njema.

Hakuna aliyeniuliza. Pole nilipewa, nilipewa mpaka zikanishinda pa kuziweka, lakini kuuliza hakuna aliyeuliza. Alikuwa na miaka mingapi? Ilianzaje? Mlifika hospitali saa ngapi? Maswali hayo yote yalikuwa kwenye fomu ya Daktari, ukurasa wa tatu, na karani analipwa ili ayasome bila kuruka hata moja na asubiri jibu. Nilitaka mtu aje na fomu ile mlangoni kwangu, aniulize. Na nilitaka aje kabla ya Alhamisi.

Swali la kwanza la ukurasa ule lilisema: "Katika miezi kumi na miwili iliyopita, kuna mtu yeyote wa kaya hii aliyefariki?" Jibu likiwa hapana, karani anaruka ukurasa mzima. Tarehe kumi na tisa ya mwezi ule ilikuwa Alhamisi. Kuanzia Ijumaa, mwaka ungekuwa umepita, na jibu sahihi kwa nyumba yangu lingekuwa hapana.

Jumamosi, Bi Kanuni alimwita mwenye duka aingize mkono kwenye kopo. Akafumba macho kwa madaha, akavuruga vikaratasi kama anayetafuta chenji, akatoa sita. Akajinyima mwenyewe. "Mimi kumi na mbili," alilalamika, "si mngezunguka tu kidogo?" Bi Kanuni akamwambia kanuni inasema hakuna kuzunguka. Mimi nilikuwa nikiandika namba kwenye daftari, na mkono wangu haukutetemeka hata kidogo, jambo ambalo nililitazama kwa mshangao.

Jumanne makarani walianza kuhoji. Mimi sikuruhusiwa kuwepo karani anapohoji. Kazi yangu ilikuwa kuwaonyesha njia. Upande wetu alipangiwa mwalimu mstaafu, mtu mpole mwenye mwavuli, ambaye hakumjua yeyote mtaani wala hakuambiwa 138 ni kwangu. Nilipanga nikishawafikisha wenzake wawili upande wa chini, nirudi nyumbani nimsubiri. Lakini huko chini kaya ya 248 ilikuwa imehama, mwenye nyumba akawa mbishi, tukakaa saa mbili tukiamua kama ni kaya iliyohama au kaya iliyosafiri. Nilipofika kwangu niliona alama ya vema ya chaki mlangoni. Mwalimu alikuwa ameshapita.

Sikuingia ndani. Niligeuka moja kwa moja nikaenda chumba tulichokodishiwa nyuma ya duka la vifaa vya shule, ambako fomu zilikusanywa jioni na mimi nikazipanga kwa namba. Mwalimu alikuwa amevua viatu, anakunywa maji.

"Mwalimu, 138 ulimhoji nani?"

"Mkuu wa kaya. Fundi wa mafriji. Mtu mstaarabu sana yule. Alinipa kiti, yeye akakalia friji iliyolala."

"Alisema nini kuhusu watoto?"

"Wako wawili. Huyo mdogo alimsifu mno. Anasema kwenye mpira ana akili ya mtu mzima." Akacheka kidogo, kicheko cha kizee cha kupenda watoto. "Unawafahamu?"

"Nawafahamu."

Nikaitafuta fomu, nikaisoma nikiwa nimesimama. Watu wa kaya: wanne. Mume, miaka arobaini na sita. Mke, arobaini na mmoja. Mtoto wa kike, kumi na tano. Mtoto wa kiume, kumi. Anasoma? Ndiyo. Darasa? La nne. Aliyefariki katika miezi kumi na miwili iliyopita: hapana. Ukurasa wa tatu ulikuwa mweupe kabisa, umepigwa mstari wa mshazari.

Niliisoma tena pale penye kumi. Kocha aliondoka ana miaka tisa, darasa la tatu. Mume wangu alikuwa amemkuza. Alimfanyia sherehe ya kuzaliwa kichwani mwake, akamvusha darasa.

Nilimkasirikia. Nakumbuka vizuri kwa sababu ilikuwa hasira ya kwanza baada ya miezi mingi, na ilikuwa ndogo, ya kitu cha ofisini: amenivurugia fomu. Nikavuta orodha yangu nimthibitishie kosa lake. Nikashuka na kidole mpaka 138. Jina la mume wangu, hati yangu, na mbele yake tarakimu niliyoiandika nikiwa nje ya mlango, kwa sababu nyumba yangu naijua. Idadi ya watu: 4.

Nikakaa.

Sikulia. Nilihisi njaa tu, njaa kali ya ghafla, na aibu ya kuhisi njaa. Mwalimu aliniuliza kama ni malaria. Nikasema labda.

Nilichokuwa nacho mkononi kilikuwa kitu kizuri, ukikitazama kwa jicho la Bi Kanuni. Orodha inasema wanne, fomu inasema wanne, hakuna kinachopingana. Fomu kama hiyo hairudishwi. Kwenye makaratasi ya Daktari mwanangu alikuwa hai, ana miaka kumi, anaingia darasa la nne, na hakuna ambaye angemgusa. Ningeiweka tu kwenye rundo. Nakiri niliiweka kwenye rundo. Niliiweka kati ya 127 na 149, nikazisawazisha kingo kwa kugongagonga mezani.

Kilichonisumbua ni hesabu. Daktari alitueleza siku ya mafunzo kwamba kaya iliyochaguliwa haijisemei yenyewe, inasema kwa niaba ya kumi na moja. Basi mume wangu alipojibu hapana, alijibu kwa nyumba kumi na moja. Na nyumba ya tatu kutoka kwetu, 141, walimzika mtoto wa miezi mitano mwezi wa pili. Yule dada nilimwandika mimi mwenyewe. Aliniambia "wawili", kisha akaingia ndani na kufunga mlango. Yeye hakuchaguliwa. Hakuna karani angemfikia. Kama kuna mtu wa kusema kwa niaba ya mtoto wake, alikuwa Kocha, na Kocha alikuwa darasa la nne.

Kulikuwa na mlango mmoja bado wazi. Kila eneo, fomu tatu kati ya ishirini na sita zilirudiwa kwa ukaguzi, na zilichaguliwa kwa bahati, kwa kopo lile lile. Fomu yangu ilikuwa ya kumi na tatu katika mpangilio. Jioni ile Bi Kanuni alifika na kopo, akamwambia Mwalimu achague. Nne. Ishirini na mbili. Mkono ukaingia mara ya tatu ukachelewa, nami nikawa natazama soksi za Mwalimu, zilizotoboka kwenye dole gumba. Tisa.

Basi. Bahati ilinifikisha mlangoni mara moja, haikuwa na deni la kunifikisha tena.

"Bi," nilisema. "Orodha yangu ina kosa. Kaya ya 138."

Aliivuta miwani. "Kosa gani?"

"Niliandika wanne. Wako watatu."

"Na fomu?"

"Inasema wanne pia."

Alizilinganisha, moja baada ya nyingine, kwa kalamu. "Dada, hapa hakuna kosa. Vyanzo viwili vinakubaliana."

"Vinakubaliana kwa kosa."

"Wewe umejuaje?"

"Ni nyumba yangu."

Mwalimu aliacha kuvaa kiatu. Bi Kanuni akauliza alichopaswa kuuliza, maana alikuwa mtu wa haki. "Uliwauliza wenyewe ulipoorodhesha? Ulibisha hodi?"

"Hapana."

"Unajua kanuni inasemaje kuhusu mtu hewa kwenye orodha."

Nilijua. Mwenye kuingiza mtu hewa, mtu asiyekuwepo, hapewi eneo lingine. Yalikuwa yamebaki maeneo manne, na mimi niliyategemea yote. Kufutwa kazi hakukuniumiza. Kilichoniumiza ni kusikia mwanangu akiitwa mtu hewa, na kuona kwamba hakukuwa na neno jingine la kumwita.

"Najua," nilisema. "Naomba fomu irudiwe. Kesho. Isipite kesho."

Hakuniuliza kwa nini kesho. Aliigeuza fomu, akaona umri, kumi, akaona ukurasa wa tatu mtupu, akaangalia kalenda ukutani. Sijui aliunganisha nini. "Nitakuja mwenyewe saa sita," alisema.

Nyumbani nilimkuta mume wangu uani, bisibisi mdomoni, amezamisha kichwa kwenye friji. Nikamwambia, "Kesho watu wa utafiti watarudi."

"Kwa nini?"

"Kwa ajili ya fomu."

Akatoa kichwa. Akaitoa bisibisi mdomoni, akaipangusa kwenye suruali. "Nilikosea kitu?"

"Siruhusiwi kusema," nilimjibu. "Mhojiwa hafundishwi majibu."

Ilikuwa kweli, kanuni inasema hivyo. Lakini pia nilijificha nyuma yake, kama alivyojificha yeye nyuma ya mafriji. Alitikisa kichwa polepole, akarudi ndani ya friji, na hatukuongea tena mpaka asubuhi.

Jumatano saa sita kamili Bi Kanuni alibisha hodi kwenye mlango ulio wazi. Tuliketi watatu uani, yeye kwenye kiti, sisi wawili juu ya friji iliyolala. Binti alikuwa shuleni. Bi Kanuni alisoma utangulizi wote kana kwamba hatujuani: kwamba tumechaguliwa kwa bahati, kwamba tuna haki ya kukataa. Kisha akamgeukia mkuu wa kaya.

"Kwanza nitaanza na ukurasa wa tatu, kama hutajali. Katika miezi kumi na miwili iliyopita, kuna mtu yeyote wa kaya hii aliyefariki?"

Nilikuwa nimewasikia makarani wakilikariri swali lile kwenye mazoezi mpaka likapoteza ladha. Sikujua lina ukimya mrefu hivyo nyuma yake. Mume wangu alikuwa anaishika nati ndogo, anaizungusha kati ya vidole, huku na huku. Bi Kanuni hakumsaidia. Hakusema pole, hakukohoa, hakurudia swali. Alishikilia kalamu juu ya karatasi akangoja, na nilimpenda kwa hilo.

"Ndiyo," alisema mume wangu.

"Wangapi?"

"Mmoja."

"Jina lake kamili?"

Alilitaja. Majina yote matatu, lake mwenyewe, lile alilorithi upande wa kwetu, na la ukoo. Mwaka mzima jina hilo halikuwa limetamkwa katika nyumba ile.

"Alijulikana kwa jina jingine?"

"Kocha."

"Alikuwa na umri gani alipofariki?"

"Tisa," alisema, na nati ikamponyoka ikaingia chini ya friji. "Tisa. Jana nilisema kumi. Samahani. Yule mzee aliniuliza watoto wako wangapi, mdomo ukasema wawili. Sikumdanganya. Alivyoendelea kuuliza nikaona nimeshaanza, na... ilikuwa raha kumjibu."

Ile hasira yangu ndogo ya ofisini niliitafuta, haikuwepo.

Bi Kanuni akaendelea. Aliugua siku ngapi? Nani alikuwa naye? Mlimpeleka kituo cha afya? Mlitumia usafiri gani, mlichukua muda gani? Hapo mume wangu alikwama, kwa sababu yeye alikuwa ameenda kutafuta gari, na mimi ndiye niliyembeba. Bi Kanuni akanigeukia. "Mke anaweza kusaidia."

Nikasema. Nilisema yote, kwa mpangilio wa fomu, swali hadi swali. Soksi hazikuwa kwenye fomu lakini nilizisema pia, na nikaona kalamu yake ikiandika kitu pembeni. Sauti yangu ilikuwa kavu kama ya mtu anayesoma risiti. Katikati ya swali la kumi na moja, lile la muda uliopita kati ya dalili na hospitali, mume wangu alinishika mkono, na mkono ukaanza kuuma. Si mahali fulani, mkono mzima, kama unavyouma ulioulalia ukianza kuamka. Nilitamani auachie na niliogopa asije akauachia.

Mwisho Bi Kanuni alirudi ukurasa wa kwanza. "Watu wa kaya kwa sasa?"

"Watatu," alisema mume wangu.

Alipiga mstari mmoja mwembamba juu ya nne, akaandika tatu pembeni, akamwekea mkuu wa kaya mahali pa kutia saini. Kisha akatoa orodha yangu kwenye mkoba, akanipa mimi kalamu. Nikapiga mstari wangu. Ile nne iliendelea kusomeka vizuri chini yake.

Mume wangu alichungulia. "Hiyo nani aliandika?"

"Mimi."

"Lini?"

"Mwezi uliopita. Nilisimama pale nje."

Alinitazama kama mtu aliyekuta mwenzake kwenye chumba alichodhani anakaa peke yake. Bi Kanuni alisimama, akadai kitambulisho changu cha kazi kwa sababu kanuni inasema kirudishwe siku hiyo hiyo, nikamvulia. Alikizungushia kamba yake taratibu. Mlangoni aligeuka.

"Asante kwa muda wenu, Baba Kocha," alisema. "Mama Kocha."

Akaondoka kwenda kurudia fomu ya nne.

Binti yetu aliporudi shuleni alitukuta bado tumekaa pale, jua limeshahamia ukutani. Alisimama na begi mgongoni. Hakuzoea kutukuta tumekaa pamoja.

"Mnafanya nini?"

"Tumehesabiwa," alisema baba yake.

"Tumekuwa wangapi?"

"Watatu. Na Kocha naye ameandikwa. Kwenye ukurasa wake."

Alilishusha begi chini, akalitazama begi, hakututazama sisi. "Wiki iliyopita tulijaza fomu shuleni," alisema. "Waliuliza una ndugu wangapi. Niliandika mmoja." "Kesho nitamwomba mwalimu nikabadilishe."

Yeye na baba yake wakanigeukia mimi, kwa kuwa mimi ndiye mtu wa fomu.

"Waliuliza walio hai?" nilimuuliza.

"Hapana. Ndugu tu."

"Basi hakuna kosa," nilisema. "Iache ilivyo."